Uanzie Wapi Historia ya Kivita ya Punjab? Zama Tatu za Askari wa Kisikh Zikilinganishwa

Anayetaka kuisoma historia ya kivita ya Punjab na ya Wasikh, watu ambao Afrika Mashariki tumezoea kuwaita Masingasinga au Makalasinga, hukabiliwa na uchaguzi tangu mwanzo. Anaweza kuanza na karne ya 18, zama za Dal Khalsa, yaani jeshi la Khalsa, jumuiya ya Wasikh walioapa kiapo cha dini, ambapo makundi ya wapanda farasi yalipambana kwanza na magavana wa dola ya Kimughal na kisha na wavamizi kutoka Afghanistan. Anaweza kuanza na ufalme wa Lahore, uliosimamishwa na Ranjit Singh mwaka 1799 na kuangushwa na Waingereza mwaka 1849. Au anaweza kuanza na ile karne moja ya utumishi chini ya Uingereza, tangu vikosi vya kwanza vya mwaka 1846 hadi kugawanywa kwa India kuwa nchi mbili, India na Pakistan, mwaka 1947. Zama hizi zinapokezana, lakini kila moja ina ushahidi wa aina yake na inamfundisha msomaji jambo tofauti kuhusu askari ni nani na anawajibika kwa nani.

Wengi huanza na zama za tatu, kwa kuwa ndizo zenye vitabu vingi, picha nyingi na majina ya vita yanayofahamika duniani kote. Mimi nashauri vingine. Isipokuwa kwa wasomaji wachache nitakaowataja mbele, mahali bora pa kuanzia ni jeshi la Lahore. Anayeanza na Waingereza huyapokea, bila kujua, maelezo ambayo Waingereza wenyewe waliyatoa kuhusu chanzo cha ushujaa wa Wasikh, na kujinasua kutoka humo huchukua muda mrefu. Anayeanza na karne ya 18 hukutana na mashujaa na mashahidi wa imani kabla hajajifunza kupambanua simulizi na kumbukumbu. Jeshi la Lahore liliirithi Khalsa ya zamani, likaibadilisha, kisha askari wake wakawa ndio malighafi ya vikosi vya Waingereza. Kwa hiyo anayelielewa anaweza kurudi nyuma au kusonga mbele bila kupotea.

Mtiririko wa matukio

Mizizi ya mambo haya ni ya zamani kuliko zama zote tatu. Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Wasikh, aliuawa Lahore mwaka 1606 kwa amri ya utawala wa Jahangir, mfalme wa Kimughal, na mwanawe Hargobind akaanza kuvaa panga mbili, moja ya mamlaka ya kidunia na moja ya mamlaka ya kiroho. Guru Tegh Bahadur aliuawa Delhi mwaka 1675 wakati wa Aurangzeb, naye mfalme wa Kimughal. Mwanawe, Guru Gobind Singh, alianzisha Khalsa huko Anandpur katika sikukuu ya Vaisakhi ya mwaka 1699, akiwaapisha wafuasi wake kwa maji matamu yaliyokorogwa kwa upanga. Tangu hapo kubeba silaha kukawa sehemu ya kiapo cha dini, na jambo hilo halina budi kukumbukwa katika kila zama inayofuata.

Baada ya kifo cha Guru Gobind Singh mwaka 1708, Banda Singh Bahadur aliuteka mji wa Sirhind mwaka 1710, akakamatwa mwaka 1715, akauawa Delhi mwaka uliofuata. Waliosalia walikimbilia misituni, vilimani na kwenye nyika kavu. Mwaka 1748, wakiwa wamekusanyika Amritsar, waliunganisha makundi yao kuwa Dal Khalsa chini ya Jassa Singh Ahluwalia, likiwa na sehemu kumi na moja zilizoitwa misl. Tarehe 5 Februari 1762 Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Afghanistan, aliwavamia karibu na Malerkotla, wakiwa na wake, wazee na watoto wao, na akaua maelfu kwa siku moja. Wasikh huliita tukio hilo Wadda Ghallughara, yaani mauaji makubwa. Hata hivyo, miaka miwili baadaye walikuwa wameuteka tena Sirhind, na mwaka 1765 waliingia Lahore na kupiga sarafu zao wenyewe. Si rahisi kupata katika historia ya Asia Kusini kundi lililopigwa vile na kuinuka kwa haraka namna ile.

Ranjit Singh, mtoto wa kiongozi wa misl ya Sukerchakia, alizaliwa Gujranwala mwaka 1780. Aliitwaa Lahore mwaka 1799, akatangazwa maharaja mwaka 1801, akaziteka Multan mwaka 1818 na Kashmir mwaka 1819, na kufikia mwaka 1834 Peshawar nayo ilikuwa chini yake. Upande wa kusini alizuiwa na Mkataba wa Amritsar wa mwaka 1809, uliofanya mto Sutlej kuwa mpaka kati yake na Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India. Alifariki Juni 1839. Miaka kumi baadaye, baada ya vita viwili na Waingereza, ufalme wake ukamezwa, na mwanawe Duleep Singh akavuliwa ufalme akiwa na umri wa miaka kumi.

Zama za tatu zilianza hata kabla ya zile za pili kwisha, kwani vikosi vya Ferozepore na Ludhiana viliundwa na Waingereza mwaka 1846, mara tu baada ya vita vya kwanza. Vilifuatwa na vingine vingi, na askari wake wakapelekwa China, Afghanistan, Afrika, Ufaransa, Gallipoli, Mesopotamia, Burma na Italia.

Nani aliyekuwa askari

Hapa ndipo zama hizi zinapoachana zaidi, na ndipo msomaji mgeni hukosea zaidi, kwa kudhani kwamba jeshi la Kisikh lilikuwa la Wasikh na jeshi la Punjab lilikuwa la Wapunjabi.

Katika karne ya 18 dhana hiyo inakaribia ukweli. Aliyeingia katika misl alikuwa ameapa kiapo cha Khalsa, alikuja na farasi na upanga wake, na aliweza kuhama kutoka misl moja kwenda nyingine akipenda. Asili yake haikumzuia kupanda: Jassa Singh Ahluwalia alitoka katika jamii ya wapika pombe, Jassa Singh Ramgarhia alitoka katika jamii ya maseremala, na mapema zaidi, katika miaka ya 1730, moja ya makundi matano ya vijana wapiganaji liliongozwa na Bir Singh, mtu wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote vijijini. Wengi wao walikuwa wakulima wa Kijat, lakini cheo kilitafutwa kwa vitendo.

Jeshi la Lahore lilikuwa tofauti kabisa. Mizinga yake iliongozwa kwa sehemu kubwa na Waislamu, kama vile Mian Ghausa na Ilahi Bakhsh. Askari wa miguu wa kwanza waliofunzwa gwaride walikuwa watu wa nyanda za mto Ganga, Wagurkha na Wapathani, kwa sababu Wasikh wenyewe waliona aibu kutembea kwa miguu. Mpanda farasi wa Khalsa alilidharau gwaride na kulifananisha na ngoma ya makahaba. Ranjit Singh aliivunja dharau hiyo kwa subira: alivaa sare, akasimama mwenyewe uwanjani, akagawa zawadi kwa waliojifunza vizuri, mpaka vijana wa Kisikh wakaanza kujiunga na vikosi vya miguu kwa wingi. Kuanzia mwaka 1822 aliwaajiri maofisa waliowahi kupigana chini ya Napoleon, Jean-François Allard na Jean-Baptiste Ventura, na baadaye Claude Auguste Court na Paolo Avitabile. Kikosi chao, Fauj-i-Khas, kiliamrishwa kwa Kifaransa na kubeba bendera za rangi tatu. Waziri wake wa mambo ya nje, Fakir Azizuddin, alikuwa Mwislamu, na jemadari aliyevuka milima hadi Ladakh na Tibet, Zorawar Singh, alikuwa Mdogra wa Kihindu. Mtu akilielewa jeshi hili, hawezi tena kusema kwamba vita vya Punjab vilikuwa vya dini moja dhidi ya nyingine.

Waingereza nao walirithi mchanganyiko huo na kuupanga upya kwa vigezo vya kabila na tabaka. Chini ya Frederick Roberts, aliyekuwa amiri jeshi mkuu nchini India kuanzia 1885 hadi 1893, ilienea nadharia kwamba watu wa jamii fulani huzaliwa wapiganaji na wengine hawafai. Wasikh waliwekwa katika kundi la kwanza, wakatakiwa kuapa kiapo cha Khalsa na kutokata nywele, na kila kikosi kikawa na msomaji wake wa kitabu kitakatifu. Wasikh wa tabaka la chini, wale Wamazhbi ambao babu zao waliongozwa na Bir Singh, walitengwa katika vikosi vya askari wajenzi vya 23, 32 na 34, ambavyo vilivunjwa mwaka 1933, kisha wakati wa vita vya pili vya dunia wakahitajika tena. Na ingawa jina la Wasikh ndilo lililovuma, kundi kubwa zaidi katika jeshi la India lilikuwa la Waislamu wa Punjab. Khudadad Khan, askari wa kwanza wa asili ya India kupata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kitendo cha Oktoba 1914 nchini Ubelgiji, alikuwa mmoja wao.

Namna ya kupigana, na mshahara

Mpiganaji wa misl hakuwa na mshahara wa mwezi. Aliishi kwa ngawira na kwa rakhi, mapatano ambayo kijiji kilitoa sehemu ya mavuno, kwa kawaida moja ya tano, ili kilindwe dhidi ya waporaji wengine wote. Mbinu yake ilikuwa kushambulia, kurudi nyuma ili adui afuate na kutawanyika, kisha kugeuka na kupiga tena. Wasikh huiita pigo mbili na nusu, kwa sababu kuondoka salama baada ya pigo la pili kulihesabiwa kuwa sehemu ya pambano. Mbinu hii iliwachosha Waafghani, ambao kila mwaka walilazimika kurejea kwao na nyara zao kupitia mito ya Punjab. Haikuweza kuteka ngome yenye mizinga.

Jeshi la Lahore liliweza. Lilikuwa na mizinga iliyoyeyushwa na kusubuliwa nchini, bunduki zilizoundwa Lahore kwa mfano wa zile za Kampuni, na askari wa miguu walioweza kusimama safu kwa safu chini ya moto. Waingereza walilipima kwa gharama kubwa. Huko Ferozeshah, tarehe 21 na 22 Desemba 1845, walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, na usiku wa katikati makamanda wao hawakuwa na hakika kama jeshi lao lingekuwepo jioni ya pili. Huko Chillianwala, tarehe 13 Januari 1849, walipoteza tena zaidi ya 2,000 katika alasiri moja ya vichaka na moshi. Mizinga ya Lahore ilikuwa mizuri kiasi kwamba huko Gujrat, tarehe 21 Februari 1849, Gough, amiri jeshi wa Waingereza, alilazimika kungoja mizinga mizito zaidi na kuitumia kwa saa kadhaa kabla ya kuwaachia askari wake wa miguu kusonga.

Mshahara wa Lahore ulikuwa wa fedha taslimu na uliandikwa daftarini, ila mara nyingi ulichelewa kwa miezi. Ulipolipwa ulikuwa mzuri: katika miaka ya 1840 askari wa kawaida wa Kampuni alipata rupia 7 kwa mwezi, na yule wa Lahore alizidi 10.

Chini ya Waingereza mshahara ulikuwa mdogo lakini ulifika kwa wakati, pamoja na pensheni, na juu ya hayo ardhi. Kuanzia miaka ya 1890 serikali ilichimba mifereji magharibi mwa Punjab, ikaigeuza nyika kuwa mashamba, na ikagawa sehemu ya mashamba hayo kwa askari wastaafu. Katika kuamua ni kwa nini kijana wa Punjab alijiandikisha, nauona mfereji wa Chenab kuwa na uzito kuliko nadharia yote ya Roberts. Mwaka 1914 karibu nusu ya jeshi la India ilitoka Punjab. Na hiari ilipopungua mwaka 1917 na 1918, serikali ya Punjab chini ya Michael O'Dwyer iliweka viwango vya kila wilaya na shinikizo likaanza kutumika.

Kamati za askari, na sababu ya kuipendelea Lahore

Kuna jambo moja ambalo linapatikana kwa ukamilifu katika zama za pili tu, nalo ndilo linalonifanya niipendekeze kuliko zote.

Katika karne ya 18 viongozi wa misl walikutana Amritsar mbele ya kitabu kitakatifu, wakajadili, na uamuzi uliofikiwa ukaitwa gurmata, wenye nguvu ya kumfunga kila mmoja. Ranjit Singh aliuacha utaratibu huo usinyae, kwa kuwa mfalme hataki baraza la mashujaa juu yake. Lakini baada ya kifo chake, wakati warithi walipokuwa wakiuana ndani ya ngome ya Lahore, askari wenyewe waliufufua kwa sura mpya. Kila kikosi kilichagua wajumbe wake, panch, na wajumbe hao wakadai mishahara, wakawakataa maofisa, wakaandikiana na vikosi vingine, na wakazungumza kwa jina la Khalsa nzima. Septemba 1845 walimwita waziri Jawahar Singh uwanjani wakamuua mbele ya dada yake, Maharani Jind Kaur, wakimtuhumu kwa kifo cha mwana mmoja wa Ranjit Singh.

Waandishi wengi wa Kiingereza waliyaelezea haya kuwa ghasia za wanajeshi walevi wa mamlaka. Nadhani maelezo hayo ni mafupi mno. Hili lilikuwa jeshi lililofunzwa kwa gwaride la Ulaya, lililobeba ndani yake desturi ya kale ya kuamua kwa pamoja, na ambalo halikuwa na mfalme wa kulisimamia. Lilikuwa pia jeshi ambalo wakubwa wa ufalme waliliogopa. Vita vilipoanza Desemba 1845, makamanda wake wawili, Lal Singh na Tej Singh, walikuwa na sababu za kutaka lishindwe, na mwenendo wao uwanjani umebaki kuwa hoja nzito ya tuhuma za usaliti. Huko Mudki Lal Singh aliondoka mapema. Huko Ferozeshah Tej Singh alifika na jeshi ambalo halijachoka, akawakuta Waingereza wakiwa karibu kuishiwa na baruti, kisha akageuka akaondoka. Huko Sobraon, tarehe 10 Februari 1846, Tej Singh alivuka mto Sutlej mapema, daraja la mashua likakatika, na maelfu wakafa majini na ukingoni. Sham Singh Attariwala, mzee aliyekuwa ameapa kutorudi nyuma, alivaa nguo nyeupe akafia pale pale.

Mkataba uliofuata unaeleza kwa namna yake jinsi jeshi hili lilivyohofiwa: ufalme uliruhusiwa kubaki na batalioni 25 za askari 800 kila moja, na wapanda farasi 12,000, basi. Kashmir iliuzwa kwa Gulab Singh, mkuu wa Jammu aliyekaa pembeni wakati wa vita. Waliopunguzwa kazini walirudi vijijini bila mshahara, na wengine wao ndio waliosimama mbele ya maofisa wa Kiingereza huko Ferozepore na Ludhiana kuandikishwa upya.

Hapo ndipo msomaji anapoona jinsi zama ya kwanza na ya tatu zinavyoshikana. Hata mwaka 1857, wa uasi mkubwa wa askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza, unaeleweka. Wasikh wengi waliwasaidia Waingereza kuuteka tena mji wa Delhi, na sababu haikuwa utii wa kuzaliwa nao: askari walioasi walikuwa wa jeshi lile lile la Bengal lililoingia Punjab na Gough miaka minane iliyopita, na mshahara na ngawira vilikuwepo. Tena si wote waliosaidia. Huko Benares, Juni 1857, askari wa kikosi cha Ludhiana walipigwa kwa mizinga na Waingereza waliowatumikia.

Ushahidi unaopatikana

Kwa karne ya 18 msomaji atategemea mno maandishi ya Kiajemi ya maadui wa Wasikh, na simulizi za upande wa Khalsa ambazo nyingi ziliandikwa katika karne ya 19. Maandishi ya maadui yana thamani ya pekee pale yanapokiri. Kadhi mmoja aliyefuatana na Ahmad Shah katika uvamizi wa 1764 na 1765 aliwaita Wasikh mbwa katika mashairi yake, kisha akaandika kwamba ni simba vitani, kwamba hawamuui anayekimbia, wala hawapori mali za wanawake. Ushuhuda kama huo una nguvu kwa sababu aliyeutoa hakuwa na haja ya kuwapendeza.

Lahore imeacha daftari. Ofisi za ufalme ziliandika kwa Kiajemi orodha za askari, farasi, mishahara na silaha, na sehemu kubwa imehifadhiwa. Pamoja nazo kuna barua za mabalozi, kumbukumbu za maofisa wa Kifaransa na Kiitaliano, na taarifa za majenerali wa Kiingereza. Zama nyingine mbili hazina ushahidi wa pande nyingi kiasi hicho kuhusu jeshi moja.

Zama za tatu zina wingi wa karatasi, ila nyingi zinazungumza kwa sauti ya ofisa. Saragarhi ni mfano. Tarehe 12 Septemba 1897 askari 21 wa kikosi cha 36 cha Wasikh, wakiongozwa na Ishar Singh, waliulinda mnara mdogo uliounganisha ngome mbili kwa ishara za kioo na jua, wakashambuliwa na maelfu ya Waorakzai na Waafridi, makabila ya Kipathani ya mpakani mwa Afghanistan, na wote wakafa. Tunajua mwenendo wa pambano kwa sababu Gurmukh Singh aliendelea kutuma ishara mpaka mwisho. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini swali la kwa nini ngome hizo zilijengwa katika nchi ya Waorakzai huulizwa mara chache, na anayeanza na Saragarhi huzoea kutouliza.

Sauti za askari wenyewe zipo, na ni hazina. Barua walizoandika kutoka Ufaransa wakati wa vita vya kwanza vya dunia zilisomwa na wakaguzi wa jeshi, ambao walitafsiri na kuhifadhi vipande vyake. Katika kambi ya wafungwa ya Wünsdorf karibu na Berlin, mwaka 1916, wataalamu wa Kijerumani walirekodi sauti ya Mall Singh, mateka wa Kisikh, akisimulia kwa Kipunjabi habari za mtu aliyekuwa akila siagi kwao na sasa anatamani kurudi. Na katika makumbusho ya Lahore zilihifadhiwa orodha za askari wapatao 320,000 wa Punjab waliokwenda vitani, kijiji kwa kijiji, ambazo sasa zimeanza kuwekwa kwenye intaneti.

Msomaji yupi achague ipi

Wewe ambaye ukoo wako ulitoka Punjab ukahamia Mombasa, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, na unayemtafuta babu fulani, anza na zama za tatu bila kusita, na anza na orodha hizo za vijiji. Zama hizo zinafika hadi kwetu. Harry Johnston, ofisa wa Kiingereza, alikwenda Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1891 pamoja na Wamazhbi kutoka vikosi vya 23 na 32, na kikosi cha East Africa Rifles kilichoundwa Mombasa mwaka 1895 kilikuwa na askari kutoka Punjab pamoja na Waswahili na Wasudani. Kikosi cha 29 cha Punjab kilifika Mombasa Septemba 1914, kikapigana Longido tarehe 3 Novemba, siku zile zile ambapo jeshi lingine kutoka India lilikuwa likishindwa Tanga. Januari 1915 askari wa Jind, dola ndogo iliyotawaliwa na maharaja wa Kisikh, walijaribu bila kufaulu kuwakomboa wenzao waliozingirwa Jasini. Mtafutaji aangalie jambo moja: vikosi vingi vilivyopigana Tanga vilitoka sehemu nyingine za India, kwa hiyo asidhani kila askari wa Kihindi aliyekufa pale alikuwa Mpunjabi.

Anayevutiwa na imani zaidi kuliko mizinga, na anayetaka kuelewa kwa nini Msikh hubeba upanga hadi leo, achague karne ya 18, na aanzie Anandpur 1699 badala ya Lahore. Mwalimu anayetaka wanafunzi wajadili ukoloni na utii achague zama za tatu, lakini asikomee kwenye nishani. Aweke Gallipoli, ambako tarehe 4 Juni 1915 kikosi cha 14 cha Wasikh kilipoteza sehemu kubwa ya watu wake kwa siku moja, karibu na Amritsar ya tarehe 13 Aprili 1919, ambako Dyer, kamanda wa Kiingereza, aliamuru umati uliokusanyika Jallianwala Bagh upigwe risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ikataja waliokufa 379. Mwaka 1942 naye Mohan Singh, kapteni wa kikosi cha 14 cha Punjab aliyetekwa Malaya, aliunda Jeshi la Kitaifa la India kupigana na wale aliowatumikia.

Wasomaji wengine wote, hasa wanaotaka kujua jinsi jeshi linavyojengwa na jinsi linavyoweza kuzidi nguvu dola iliyolijenga, nawashauri Lahore. Wasianze na utoto wa Ranjit Singh. Waanze na Ferozeshah na Sobraon, waone jeshi hilo likiwa katika kilele cha uwezo wake na likiwa linaangushwa, kisha warudi kwenye mkataba wa 1809, waje na Allard na Ventura mwaka 1822, wafuate kamati za 1841 hadi 1845, na mwishowe wasome Chillianwala na Gujrat. Baada ya hapo mauaji ya 1762 na vikosi vya Ludhiana vitasomeka kwa macho mengine.

Anayeweza kusafiri ajue kwamba mpaka wa 1947 umevigawa viwanja vya vita. Vya vita vya kwanza kati ya Lahore na Waingereza, Mudki, Ferozeshah, Aliwal na Sobraon, viko India, na kuna makumbusho ya vita hivyo Ferozeshah. Vya vita vya pili, Ramnagar, Chillianwala na Gujrat, viko Pakistan, pamoja na ngome ya Lahore na silaha zake. Saragarhi yenyewe iko Pakistan, ilhali mahekalu ya kuwakumbuka wale 21 yako Amritsar na Ferozepur, upande wa India. Kwa anayeweza kupata viza moja tu, ningechagua ile ya Pakistan, kwa sababu ya Lahore.